Mpwa Wangu na Goti Langu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Goti limenisaliti. Nilikuwa napanda ngazi za jengo la utawala, faili kwapani, uso wa mtu mwenye shughuli nzito, mara kitu kikalia "tak" ndani ya mguu wa kushoto. Nikabaki nimening'inia kwenye reli kama shati lililoanikwa. Wanafunzi wakanipita. Mmoja akaniamkia. Nikaitikia vizuri tu, kana kwamba hapo ndipo ninapofanyia kazi.

Daktari wa mifupa anasema gegedu limechanika. Upasuaji mdogo, Jumatano ijayo. Asubuhi naingia, alasiri natoka. Kisha likizo. Nilicheka peke yangu kwenye teksi. Mimi, likizo! Mimi mratibu wa likizo za ugonjwa, ulemavu na familia wa chuo kikuu kizima! Mimi ninayejua nani anajifungua lini, nani kavunjika nini, nani anamuuguza mama mkwe kwa moyo na nani anamuuguza kwa kushikwa shati. Wananiita Bwana Likizo. Na Bwana Likizo hajawahi kujiandikia hata siku moja ya mafua.

Sasa, tatizo. Daktari anataka mtu mzima aje kunichukua, na alale kwangu usiku wa kwanza, kwa sababu ya nusukaputi. Hakuna mtu, hakuna upasuaji. Nikamwambia hilo nalijua sana, tangazo lake nimelibandika mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yangu: ANAYEKWENDA KUPASULIWA ASIENDE PEKE YAKE. Herufi kubwa. Fundi mmoja wa maabara nilimrudisha mara mbili kwa kosa hilo.

Akauliza, basi nani atakuja? Nikajibu bila kupepesa jicho: mpwa wangu.

Sina mpwa.

Jumanne, 4 Machi

Inabidi nieleze habari za mpwa, maana shajara nayo haipendi kufichwa mambo.

Ofisini kwangu watu huja na familia zao mdomoni. Baba wa mtoto mchanga, macho mekundu kama nyanya. Binti anayemuuguza baba yake. Bwana aliyepoteza mguu anayetaka meza yake ihamishiwe chini. Wanakaa kwenye kiti kile cha mbele yangu, wanamimina kila kitu, na wakiinuka, kwa adabu tu, wananiuliza: na kwako, Bwana Likizo, hawajambo? Kwa muda mrefu nilijibu hawajambo. Haukuwa uongo. Nani angeugua?

Mke aliondoka zamani, kwa amani, pamoja na masufuria yote mazuri. Dada yangu yuko nchi za mbali, hana mtoto, hupiga simu Jumapili. Basi.

Siku moja dada wa maktaba hakutosheka. Akauliza, nyumbani mko wangapi? Nikafungua mdomo, akatoka mpwa. Amekuja kusoma, nikasema. Mwaka uliofuata akamaliza. Akapata kazi idara ya maji. Akaugua homa ya matumbo, nikapewa pole nyingi nzuri. Kisha, nakiri nilipitiliza, akaoa. Wenzangu wakamtumia zawadi: seti ya vikombe sita vya maua ya bluu. Nanywea kwa zamu, kisije kimoja kikajiona kimetengwa.

Vikombe hivyo alivichagua Mama Mishahara. Huyu ndiye jirani yangu wa ofisi. Kati yetu ni ukuta wa mbao nyembamba na vita ya miaka. Mimi nashughulikia wasiokuja kazini, yeye analipa waliokuja. Kila faili ninayompelekea inarudi na kalamu nyekundu. Ana birika la umeme lililoandikwa LA MISHAHARA, na ukiligusa tu anatokea, sijui kwa njia gani.

Na kwa mujibu wa kanuni, mratibu hawezi kujiidhinishia likizo. Faili yake inakwenda ofisi ya jirani.

Jirani!

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Mama Mishahara aliisoma faili yangu yote, hata tarehe ya kuzaliwa, akaguna. Akauliza nani wa kunichukua hospitali. Nikasema mpwa. Akataka namba yake ya simu. Alidhani kanibana.

Nilikuwa nimejipanga. Ninayo simu ya zamani, ile ya vitufe, laini yake haijafa. Nikampa namba hiyo. Nikarudi ofisini kwangu bila haraka, nikafunga mlango, nikakaa. Ikaita.

Nikapokea kwa sauti ya ujana, nikiipitisha puani. Akauliza kama anaongea na mpwa wa Bwana Likizo. Nikasema ndiye, mama, shikamoo. Akaitikia. Akauliza kama kweli nitakwenda kumchukua mjomba. Nikasema nisiende vipi, mjomba ni kila kitu kwetu, bila yeye nyumba haikaliki. Mpwa ana moyo mzuri.

Akamuulizia mke. Nikasema anakusalimu. Akaulizia vikombe. Nikasema vyote sita vipo, hakuna hata kilichopata ufa.

Kisha akasema, pole pole, ambavyo sijawahi kumsikia, kwamba mjomba wangu ana bahati.

Jambo la ajabu: nilimsikia kwa masikio yote mawili. Moja kwenye simu, jingine ukutani. Ule ukuta kweli ni mwembamba. Bahati yangu yeye masikio yake si mazuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa anatafutwa mtu wa kuwa mpwa.

Nilianza na jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Miaka mitano tunatazamana milango. Nilijizoeza maneno mbele ya kioo: habari za jioni, samahani kwa usumbufu, nina jambo dogo. Nikavaa hata koti. Nikabisha. Akafungua, simu sikioni, nyuma yake watoto wanagombania rimoti, kitu kinakaangwa, redio inaimba, mtu anacheka chumbani. Joto lote la ile nyumba likanipiga usoni.

Nikasema samahani, nimekosea mlango.

Akanionyesha wangu kwa kidole, kwa upole.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata! Dereva wa teksi, yule aliyenirudisha kutoka kwa daktari. Mtu muungwana, nywele nyeupe pe. Nikamweleza kwamba Jumatano alasiri aje wodini, aseme ni mpwa wangu, asaini, tuondoke. Akanitazama kwenye kioo. Akasema, lakini bwana, mimi ni mkubwa kwako. Nikamwambia familia nyingine ndivyo zilivyo, dada mkubwa anazaa mapema. Akafikiri, akasema huo umapema umezidi. Hata hivyo amekubali.

Tulifanya mazoezi garini. Aniite mjomba. Mara ya kwanza alicheka mpaka akazima gari. Mara ya tatu akaliweza.

Akauliza, na usiku nani atakaa na wewe? Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Jumapili, 9 Machi

Dada alipiga. Akauliza nani atanitunza. Nikamwambia ofisi nzima wanagombania, imebidi wapige kura. Akafurahi, akalia kidogo, akasema siku zote alijua mimi ni mtu wa watu. Laini ikakatika. Nikaendelea kumhadithia habari za kura kwa muda, ndipo nikagundua.

Jumanne, 11 Machi

Idara yetu ina desturi: anayekwenda likizo tunamuaga kwa chai ukumbini, saa nne. Mwenye kukumbusha watu ni mimi. Kwa hiyo leo hakuna aliyekumbuka. Ningefanyaje? Nikatuma ujumbe kama kawaida: leo saa nne tunamuaga mwenzetu, karibuni. Walikuja wengi! Wakanywa, wakala biskuti, wakaongea mpira. Mhasibu mmoja akanisogelea, mdomo umejaa, akauliza huyo anayeagwa mbona amechelewa. Nikamwambia yuko njiani.

Mama Mishahara peke yake ndiye aliyenishika mkono. Akasema upasuliwe salama. Kisha akauliza mpwa atafika hospitali saa ngapi. Nikasema saa tisa kamili, huyo hajui kuchelewa. Akaitika kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama nataka maji ya moto, birika lake lipo.

Birika lake!

Adui ameanza kulegea. Nitamwandama nikirudi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kitandani, mguu juu ya mito miwili. Mto mmoja si wangu. Nitafika huko.

Upasuaji wenyewe sikuuona. Niliambiwa nihesabu, nikahesabu, nikaamka mdomo mkavu kama karatasi. Saa tisa Dereva akaingia, amevaa tai. Tai! Masikini, alijiandaa. Akasimama kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma habari: mjomba, nimekuja.

Nesi akazitazama zile nywele nyeupe. Akazitazama zangu, ambazo bado zina weusi wa kutafuta. Akamuuliza Dereva ana uhusiano gani na mgonjwa. Mpwa wake. Akamwuliza jina kamili la mgonjwa. Dereva akanitazama. Mimi nikaitazama dari. Tumefanya mazoezi yote yale ya "mjomba", jina langu sijamwambia!

Akasema: Mjomba... wa ghorofa ya tatu.

Nesi akafunga faili. Akasema siruhusiwi kutoka na mtu asiyejua jina langu, na kitanda kinasubiriwa na mwingine, na kama sina mtu atamwita daktari. Nikatangaza kwa sauti kubwa, nusukaputi bado imo, kwamba mpwa halisi amecheleweshwa na bomba lililopasuka mjini. Wagonjwa wa jirani wakanipa pole.

Nesi akaniambia, basi nimpigie mtu mwingine. Yeyote. Akanipa simu yangu mkononi, akasimama akingoja.

Nikafungua majina. Fundi wa lifti. Mapokezi utawala. Bima. Maabara. Dada, ambaye kwake kulikuwa bado alfajiri na bahari kadhaa katikati. Duka la gesi. Nikarudi juu, nikashuka tena taratibu, nikijifanya nachagua. Katika simu yangu mna watu wengi sana niliowahi kuwaidhinishia likizo za kuuguza watu wao. Nesi akakaa pembeni ya kitanda akingoja, wakati ana kazi zake.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mishahara, mkoba begani kama anakwenda vitani. Nyuma yake bibi kizee mdogo mwembamba, amekumbatia mto.

Mama Mishahara akamwambia nesi: mimi ni dada yake, huyu ni mama. Nesi akamwonyesha Dereva, akauliza, na huyu? Mama Mishahara akamwangalia Dereva kuanzia tai mpaka viatu, kisha akasema bila hata kukohoa: huyo ni mpwa wake.

Akasaini.

Dereva akatupeleka. Njia nzima aliniita mjomba, alishazoea. Kwangu, Mama Mishahara akafungua kabati la jikoni na kusimama. Vile vikombe, vimepangwa mstari, vya maua ya bluu. Akatazama na meza, kiti kimoja kimechakaa, kingine bado kina nailoni ya dukani. Nikawahi kusema mpwa na mkewe wamesafiri ghafla. Akasema anajua, mpwa alimwambia kwenye simu.

Nimelala nikiwaza. Alimwambia saa ngapi? Mimi sikusema hivyo!

Akateremsha vikombe vitatu. Ni mara ya kwanza vikombe vitatu kulowa siku moja katika nyumba hii.

Jumamosi, 15 Machi

Bibi, mamake Mama Mishahara, alitakiwa usiku mmoja. Amelala siku zote hizi, anasema sofa langu linamfaa mgongo. Anakoroma kama jenereta. Anahamisha vitu. Chumvi sasa inakaa anapopajua yeye tu. Ameninyang'anya rimoti, ananiita mwanangu, na kwenye karata anaiba waziwazi. Nikilalamika ananiambia mgonjwa apumzike.

Leo, akichanganya karata, akaniambia siku nyingine nikiwa na shida nifungue mdomo niseme, mbona mdomo ninao, tena mkubwa tu. Hakunitazama. Akagawa.

Maneno mazito. Nimeyaweka moyoni.

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka na mto wake. Kikombe chake nimekiacha mezani, sijakiosha. Nitakiosha kesho.

Dada hakupata laini leo.

Jumatano, 19 Machi

Wageni! Mama Mishahara kaeneza habari kwenye ukumbi. Jana dada wa maktaba. Leo mhasibu wa biskuti, ameona haya, kaleta pakiti nzima. Hakuna viti, wanakaa kitandani wananikalia mguu ulio mzima. Wakimuulizia mpwa nasema ndiyo kwanza ametoka, mngewahi kidogo.

Jioni alikuja fundi wa maabara, yule niliyemrudisha mara mbili. Akanihadithia kwa kucheka kwamba ile mara ya pili alikaa kwenye ngazi za chuo, hana ndugu mji huu, hajui aende wapi. Mwishowe akamwomba mtu aliyekuwa anapita. Mtu akakubali. Tangu hapo wanakula pamoja kila Ijumaa. Akanishukuru kwa ule ukali wangu.

Mimi siku ile nilidhani ameniletea jina la kujaza kwenye fomu, basi. Sikuuliza la nani. Nimelala na hilo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimegundua kitu: mgonjwa akipona, wageni wanapona naye. Tangu Jumatano kaja mmoja tu, naye alikuwa anasoma mita ya maji.

Kwa hiyo goti limezidiwa. Mimi ninayewajua waigizaji wote wa maradhi chuoni, wa mgongo na wa kichwa, nashindwaje? Natembea kwa magongo hata kwenda bafuni. Nimejifunza kuguna.

Mchana niliishiwa sukari. Duka liko hapo chini, nani ataniona? Nikaacha magongo, nikashuka mbio. Nikageuka na sukari yangu, uso kwa uso na Mama Mishahara, amekuja kuniangalia. Nikachechemea palepale! Nikaguna na kuguna, nikashika ukuta.

Akanisindikiza mpaka juu akinishika kiwiko. Mlangoni akaniuliza, kwa upole, tangu lini walinipasua mguu wa kulia.

Jumatatu, 31 Machi

Kazini.

Kuna kanuni, niliitunga mwenyewe: anayerudi kutoka likizo ya ugonjwa lazima akae na mratibu, waongee, mratibu ahakikishe mtu yuko sawa. Sasa mratibu ni mimi. Mama Mishahara akaingia bila kubisha, akanitoa, akakaa kwenye kiti changu. Mimi akaniweka kwenye kile cha wageni.

Sijawahi kukikalia. Kipo chini kidogo. Ukikaa hapo unaona dirisha, na mti, na watu wanavyopita wawili wawili. Nimewakalisha watu hapa miaka yote bila kujua wanaona nini.

Akaniuliza maswali yangu yote, kwa mpangilio wangu. Maumivu? Yamepungua. Ngazi? Polepole. Usingizi? Nikasema wa kawaida. Ukutani, tangazo langu la herufi kubwa linanitazama. Kisha akaweka kalamu nyekundu chini, akaegemea mbele, akauliza lile la mwisho, lisiloandikwa popote.

Na kwako, Bwana Likizo. Hawajambo?

Akangoja. Alingoja kama yule nesi, kama mtu asiye na kazi nyingine.

Nikamkumbuka Bibi. Fungua mdomo useme. Nikaufungua. Maneno yalikuwa pale pale, mepesi, matatu au manne tu. Nikavuta pumzi.

Nikasema: mpwa wangu amepata mapacha.

Kwenye ukumbi birika likachemka likajizima lenyewe. Mama Mishahara alinitazama kwa muda mrefu sana, mdomo unacheza pembeni. Kisha akainuka, akanipa mkono, akasema hongera, babu. Akauliza majina. Nikasema bado, familia inajadiliana.

Akasema vizuri. Jumamosi atakuja na mama yake kuwaona. Na kama mapacha watakuwa wamelala, au wametoka, au wamepelekwa kwa bibi yao, si neno. Watakunywa chai, si vikombe vipo sita. Akasema Bibi anasema nitafute viti.

Baada ya kazi nimepitia dukani, nimenunua kiti. Kesho nitanunua kingine. Nimemwalika na Dereva, kama mpwa, ingawa sasa sijui nitamwelezaje habari ya watoto wake.

Majina nimeyapata, mazuri sana, mmoja kafanana na mimi. Bado sababu ya kutokuwepo kwao Jumamosi. Nafikiria chanjo.

Kilichonifurahisha zaidi: Mama Mishahara hajashuku kitu.